Apu gani nimwekee mdogo wangu mwenye skizofrenia?

Swali limetoka kwa dada mmoja, nalifupisha. Mdogo wake wa kiume ana miaka 29, ana skizofrenia tangu akiwa chuoni, kwa sasa zile sauti alizokuwa anazisikia bila mtu kuwepo zimetulia na ni muda mrefu hajalazwa, ila maisha ya kila siku ndo hayaendi. Dawa anasahau, kuoga ni mpaka wagombane, usiku yuko macho mchana amelala. Kamnunulia simu janja na anauliza vitu viwili: kuna apu gani nzuri kwa mtu kama yeye, na je, kuna ya kumfuatilia alipo na kujua kama amemeza dawa bila mwenyewe kujua?

Dada yangu, pole na hongera kwa pamoja, manake kumuuguza mtu wa hivi ni kazi ya miaka, na kukaa ukafikiria hiyo simu itamsaidiaje, hukumpa tu akacheze nayo, hiyo tayari ni hatua. Kazi yangu mimi ni kuwarudisha watu kwenye shughuli za kila siku baada ya ugonjwa wa akili, yaani kuamka, kuoga, kula kwa wakati, kushika hela, kutoka nje, kwa hiyo hili la "nitajie jina la apu" naulizwa sana na jibu langu la kwanza huwa linawakera watu: usidaunlodi kitu bado. Anza na saa ya alamu iliyokuja na simu, ileile ya bure isiyotaka akaunti wala bando. Ngoja nikueleze kwa nini, halafu tutafika kwenye apu zenyewe na hilo la kumfuatilia kimyakimya, ambalo nina maneno nalo.

Kwanza uelewe kinachomkwamisha ni nini. Skizofrenia watu wanaijua kwa sauti na yale mawazo ya kuhisi unaandamwa, na hayo kwa wagonjwa wengi dawa zinayapunguza. Kuna upande mwingine ambao madaktari wanauita dalili hasi: msukumo wa kuanza jambo unakatika, hamu inapotea, uso hauonyeshi kitu, maneno yanakuwa machache, na juu yake kumbukumbu inayumba na uwezo wa kupanga hatua moja baada ya nyingine nao unayumba. Upande huu dawa tulizonazo haziusaidii sana. Ndo mana unamwona ametulia, mnaongea vizuri, halafu kuoga hamna, na wewe unaona kama anakufanyia makusudi. Muulize "unajua leo hujaoga?" atakujibu ndiyo, najua. Kujua anajua, kuanza ndo hakuji.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Dawn Velligan, yeye na wenzake kule San Antonio, Texas, tangu miaka ya 1990 walijenga njia ya kuwasaidia watu hawa kwa kubadilisha mazingira ya nyumbani kwao: maandishi ukutani, alamu, orodha za kutiki, nguo zimepangwa kwa siku, dawa zimewekwa zinapoonekana. Wakati huo simu janja hazikuwepo, lakini apu nyingi nzuri za leo ukizifungua ndani utakuta ni wazo hilohilo limehamia kwenye skrini. Na wao walitenganisha watu kwa namna ambayo mimi mpaka leo naitumia kila nikienda nyumbani kwa mtu. Kuna yule asiyeanza kabisa, amekaa tu. Kuna yule anayeanza halafu anapotea njiani, ameenda kuchukua sabuni kakuta redio kaishia hapo. Na kuna wenye vyote viwili. Wa kwanza anahitaji kusukumwa na kitu cha nje, alamu, sauti, maandishi makubwa. Wa pili ukimwongezea alamu unamwongezea fujo tu, yeye anahitaji vitu vipunguzwe mbele yake, simu ikae mbali, bafuni kuwe na vile anavyotumia leo basi. Kwa hiyo kabla hujagusa setingi yoyote mwangalie siku chache bila kumsemesha, uone ni yupi kati ya hao, manake dawa ya huyu ni sumu ya yule.

Nikupe mfano wa kijana mmoja niliyekuwa namtembelea, wa aina ya kwanza, asiyeanza. Alamu yake ya saa 3 asubuhi ilikuwa imeandikwa KUOGA, kwa herufi kubwa, aliiweka kaka yake. Inalia, anaiangalia, anaigusa, inanyamaza, anarudi kulala chali. Simu yenyewe ilikuwa chini ya mto. Tulichofanya ni kidogo sana: simu ikahamia mezani upande wa mlango, ikawa inalala hapo kwenye chaji, taulo na sabuni na nguo safi zinakaa kwenye kiti palepale tangu usiku, na maandishi ya alamu yakabadilika kutoka "KUOGA" yakawa "simama, shika taulo". Dakika 5 baadaye alamu ya pili: "fungua maji". Unaona, kuoga ukikuhesabu ni kazi yenye hatua kama 12 hivi ndani yake, kuvua, kuwasha maji, kujipaka sabuni, sijui kufanya nini, na mtu ambaye ubongo wake unashindwa kupanga hatua akisoma neno kuoga anaona mlima wote kwa mara moja. Kusimama na kushika taulo anaweza. Siku nyingine aliishia na taulo mkononi akarudi kukaa, sikufichi, lakini kelele na kaka yake zilipungua na akaanza kuoga siku nyingi kuliko zile za kuruka, na kwa mtu aliyekuwa haogi wiki nzima hayo ni maendeleo makubwa.

Pale kwenye sauti ya alamu kuna kitu watu wanapenda kukifanya, kurekodi sauti ya mama au dada ikimwambia "haya amka baba, kaoge". Wengine inawafaa kweli. Ila kwa mtu anayesikia sauti, au aliyewahi kuzisikia zikimwamrisha, sauti ya mtu inayotoka kwenye simu bila mtu kuwepo inaweza kumvuruga, kwa hiyo muulize kwanza mwenyewe, na akisita achana nayo, weka mlio wa kawaida au wimbo anaoupenda.

Tukija kwenye dawa. Tafuta kile kiboksi cha vidonge chenye vyumba 7 vya siku za wiki, kijazeni pamoja siku moja maalumu, na kikae sehemu moja na simu inapochajiwa. Sababu ni kwamba alamu peke yake ina udhaifu mmoja mbaya, kidole kinajifunza kuizima. Baada ya wiki mbili tatu mtu anabonyeza "tayari" akiwa usingizini na kwenye apu kunaonekana alama ya tiki safi kabisa, kumbe kidonge kipo. Kiboksi hakina hayo mambo, chumba cha Jumatano kina kidonge au hakina. Kwa hiyo alamu inamwita, kiboksi kinatoa ushahidi, na wewe hupaswi kumuuliza "umemeza?" mara nne kwa siku, swali ambalo nakuhakikishia analichukia.

Muda wa alamu ufuate kitu anachokifanya tayari kila siku bila kuambiwa. Kama kila siku jioni lazima aangalie mpira au taarifa ya habari, dozi iende hapo, ikiwa daktari amekubali muda huo. Usimpangie saa 12 asubuhi kwa sababu wewe ndo unaamka muda huo.

Na akikosa dozi asirudishie kwa kumeza mbili pamoja, mpigie daktari au mfamasia umuulize. Hapa kuna dawa moja niitaje kwa jina, klozapini. Kama ndiyo anayotumia na ikakatika zaidi ya saa 48, haanzi tena na dozi ileile aliyoizoea, daktari anamwanzisha chini kabisa anapanda pole pole, manake kuirudia kwa mkupuo ni hatari kwa moyo na presha. Kwa mtu wa klozapini basi, kumbukumbu ya "mara ya mwisho amemeza lini" ni ya muhimu sana, na hapo nitakubali hata apu ya dawa yenye kuandika saa. Medisafe ni mojawapo inayojulikana, ina orodha ya dawa, ina vikumbusho, na ina nafasi ya kumweka ndugu apate ujumbe kama dozi haijawekwa alama. Hiyo ya ndugu iwashwe yeye akiwa amekaa pembeni yako anaangalia.

Halafu swali ambalo ningekuuliza ningekuwa na wewe ana kwa ana: mmeshaongea na daktari kuhusu sindano? Kuna dawa za skizofrenia za sindano za kila wiki mbili, za kila mwezi, kuna hata ya miezi 3. Kama tatizo kubwa ni kusahau vidonge, sindano inaliondoa lote na simu ikabaki kwa ajili ya kuoga na kulala. Nashangaa jinsi familia zinavyohangaika na vikumbusho mwaka mzima bila mtu kuwaambia kuna hii njia. Siyo kila dawa ina sindano yake na siyo kila mtu anaitaka, lakini kuuliza ulizeni.

Sasa upande wa simu yenyewe, hapa ndo watu wanaumia kimyakimya. Simu nyingi za Android, hasa za bei ya chini, zina tabia ya kuua apu zinazokaa nyuma ili kuokoa betri. Unaweka apu nzuri ya kukumbusha, siku ya kwanza inalia, ya pili inalia, ya nne kimya, unamlaumu mgonjwa kumbe simu ndo imeizima. Ingia setingi, tafuta sehemu ya apu, chagua hiyo apu, fungua sehemu ya betri, iruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Tena kuanzia Android 13 ya mwaka 2022 apu mpya inabidi iombe ruhusa kabla ya kutoa notifikesheni, na mtu akigusa "usiruhusu" kwa haraka, kikumbusho hakitatokea mpaka mrudi setingi mkairuhusu. Angalia pia kama ile hali ya kutosumbuliwa haijawashwa. Saa ya alamu ya simu yenyewe kwa kawaida haina haya matatizo, inalia hata bila intaneti, na ndo sababu nyingine ya kusema anza nayo. Baada ya kuweka kila kitu ijaribu: weka alamu ya dakika kumi zijazo, funga skrini, iache, uone kama italia.

Na usimwekee alamu 14. Chagua jambo moja, la pili liongezeke la kwanza likishazoeleka. Nimeona simu zinalia kuanzia asubuhi mpaka usiku, meza, oga, kula, fagia, tembea, na mwenye simu ameiweka tu kwenye mtetemo akaendelea na maisha yake. Jambo la kwanza mdogo wako achague mwenyewe, hata kama wewe unaona siyo la muhimu. Akisema anataka simu imkumbushe mechi, weka mechi, akishaizoea simu kuwa inamfanyia jambo analolitaka ndo na dawa itapata nafasi.

Usingizi kugeuka kuna vyanzo viwili mnavyoweza kuvishughulikia. Kimoja ni dawa yenyewe, nyingi zinalaza, na akiimeza asubuhi atalala mchana hata umwekee alamu ya zimamoto, muulizeni daktari kama inaweza kuhamia jioni. Cha pili ni hiyo simu uliyomnunulia. Usiku hamna wa kuongea naye, mwanga uko usoni, video hazina mwisho, hapo hata mimi na wewe hatulali. Simu za Android zina sehemu ya kupanga muda wa kulala, skrini inageuka kijivu na notifikesheni zinanyamaza, na iPhone ina ya kwake ya kuwekea apu mipaka ya muda. Wekeni pamoja, na saa ya kuamka iwe ileile kila siku hata kama kalala saa 10 alfajiri, manake kuamka ndo kunarudisha saa ya mwili, ukisubiri alale mapema kwanza utasubiri sana. Mtoe nje kwenye mwanga asubuhi hata robo saa.

Haya, apu zenyewe sasa za watu wenye magonjwa haya. Zipo, na zimefanyiwa utafiti wa kweli. Iliyopimwa vizuri kwa skizofrenia ni FOCUS, ilitengenezwa na timu ya Dror Ben-Zeev huko Marekani. Mara kadhaa kwa siku inakuuliza hali yako, sauti zikoje, umelalaje, dawa vipi, kisha inakupa kitu kidogo cha kufanya kulingana na jibu lako. Mwaka 2018 walitoa matokeo ya kuilinganisha na mafunzo ya vikundi kliniki, watu 163 huko Chicago, na wote walipata nafuu karibu sawa, ila waliopewa simu walioanza kweli huduma yao walikuwa asilimia 90 hivi wakati wa vikundi walikuwa 58. Kwa mtu ambaye kutoka nyumbani ni vita, tofauti hiyo ni kubwa. Lakini kuna jambo ambalo wanaoisifia wanaliruka: nyuma ya FOCUS kulikuwa na mfanyakazi anayewapigia watu simu kila wiki, kuwauliza inaendaje, wamekwama wapi. Mtu yupo. Timu ya John Torous pale Beth Israel Deaconess, Boston, wao wana apu inaitwa mindLAMP, ya bure na maandishi ya programu yake yako wazi kwa kila mtu kuyasoma na kuyatumia, nao wanasisitiza jambo hilohilo mpaka wameanza kufundisha watu ambao kazi yao ni kumsaidia mgonjwa kutumia apu tu. Hizi zimejengwa zitumike pamoja na kliniki, kwa hiyo muulize daktari wake kama wana chochote cha namna hiyo kabla hujaanza kutafuta peke yako.

Ukiondoa mtu, apu inakufa haraka. Mwaka 2019 Amit Baumel na wenzake waliangalia matumizi halisi ya apu 93 za afya ya akili kwenye Android zenye watumiaji wengi, ukichukua apu ya katikati, baada ya siku 15 waliobaki wanaifungua walikuwa asilimia 3.9, baada ya siku 30 ni 3.3. Hao ni watu wote, wengi wao wenye stresi ya kawaida na msukumo wao upo. Sasa mtu ambaye ugonjwa wake wenyewe ni kukosa msukumo umwachie apu peke yake, jamani.

Apu za kurekodi hisia zako kila siku, una furaha au huzuni, Daylio, eMoods na wenzake, nisingeanza nazo kwa mdogo wako. Kwa mwenye baipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda sana na kushuka sana, ninazikubali zaidi, hasa kwa kurekodi saa za kulala, sababu usingizi ukianza kupungua huku mtu anajisikia ana nguvu nyingi hiyo mara nyingi ni mania, yaani kule kupanda kupita kiasi, inagonga mlango, na grafu ya usingizi inamsaidia daktari kuliko maelezo ya "alikuwa yuko vizuri tu". Hata huko lakini kuna tahadhari. Huko Denmaki walifanya jaribio linaitwa MONARCA, wagonjwa 78 wa baipola kwa miezi 6, kujirekodi kila siku kwenye simu hakukupunguza mania wala sonona, na kulikuwa na dalili kwamba sonona ilikaa zaidi kwa waliokuwa wanajirekodi. Ukifikiria inaeleweka, kila siku simu inakukumbusha kwamba una huzuni. Kwa hiyo akiamua kurekodi, arekodi vitu viwili basi, amelala saa ngapi na ametoka nje au hajatoka, na awepo wa kuviangalia pamoja naye.

Faragha nayo usiichukulie kirahisi. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani iliibana BetterHelp, kampuni kubwa kabisa ya ushauri wa mtandaoni, ikakubali kulipa dola milioni 7.8 kwa madai ya kupeleka taarifa za afya za wateja kwa Facebook, Snapchat na wengine kwa ajili ya matangazo. Kama wakubwa wanafanya hayo, hizo ndogondogo za bure zisizo na mwenyewe unajua wanapeleka wapi? Mimi kanuni yangu ni kwamba apu ya dawa haihitaji kujua alipo, haihitaji namba za watu kwenye simu yake wala picha. Ikiziomba, kataa, ikigoma kufanya kazi, ifute. Jina la ugonjwa si lazima liandikwe popote.

Na apu zinakufa. Woebot, ile roboti ya kuchati iliyokuwa maarufu sana, ilifungwa tarehe 30 Juni 2025. Ratiba ya mtu isikae sehemu moja tu kwenye kampuni ya watu wengine, iandikeni na kwenye karatasi, dawa, dozi, saa, namba ya kliniki, ibandikwe ndani ya mlango wa kabati.

Nikiwa hapohapo kwenye roboti: mdogo wako akianza kuchati usiku na hizi akili bandia, fuatilia kwa upole anaongea nini. Zinaandika vizuri na zinapenda kukubaliana na mtu. Aprili 2025 OpenAI wenyewe waliliondoa toleo moja la ChatGPT siku chache baada ya kulitoa, sababu lilikuwa linamsifia na kumkubalia mtumiaji kupita kiasi. Kwa mtu mzima wa akili inachekesha, ila kwa aliyewahi kuamini majirani wanamsoma mawazo, kitu cha kumjibu "hoja yako ina mantiki" saa 9 usiku ni petroli. Kumsaidia kuandika barua ya kazi au kumwelezea mapishi hakuna shida, ila mambo ya "wananifuata" yaende kwa mtu.

Sasa la kumfuatilia bila kujua. Dada, usifanye. Nakuelewa kabisa, umeshamtafuta usiku na simu haipatikani, hofu hiyo haiishi. Ila fikiria ugonjwa alionao. Sehemu ya ugonjwa ilimwambia anafuatiliwa, watu wamemwekea kitu kwenye simu, na nyinyi wote mkamwambia hapana, hayo ni mawazo ya ugonjwa, hakuna anayekufuatilia. Siku akiikuta hiyo apu, na ataikuta, umemthibitishia kwamba alikuwa sahihi na familia ilikuwa inamdanganya, na simu itatupwa, dawa itafuata maana dawa nayo si mnampa nyinyi. Imani hiyo kuirudisha ni kazi ya miaka. Achilia mbali kwamba ni mtu mzima wa miaka 29 na sehemu nyingi sheria haiko upande wako.

Mwombe waziwazi. Kuna vitu anaweza kuwasha mwenyewe na kuzima mwenyewe, kama kushea mahali alipo kwenye WhatsApp, ambayo unaiwekea muda, usiozidi masaa 8, halafu inajizima. Anaweza kukubali kuiwasha siku anapokwenda kliniki peke yake, na siku nyingine hapana. Akikataa kabisa, sawa, mkubaliane kwamba ukimpigia atapokea au atatuma emoji moja, yoyote.

Na makubaliano hayo myafanye leo akiwa mzima, myaandike, kwa maneno yake. Mkae mumuulize: safari iliyopita kabla hujaumwa, kitu gani kilianza? Kila mtu ana zake, mmoja anaacha kupokea simu, mwingine anafunika vioo, mwingine usingizi unakata siku tatu mfululizo. Halafu nani anafanya nini. Kwa mfano: alamu ya dawa ikipita saa nzima na kiboksi bado kimejaa, dada anapiga simu mara moja, hagombezi, anauliza tu. Siku mbili bila dawa, dada anapiga kliniki na yeye anaambiwa kwamba amepiga. Dalili zake mbili zikionekana pamoja, wanakwenda kliniki wote wawili hata kama siku ya miadi bado. Akisema anataka kujidhuru au sauti zinamwamrisha kufanya jambo baya, hapo hamna apu wala ratiba, ni hospitali muda huohuo na asiachwe peke yake. Karatasi hiyo ipigwe picha ikae kwenye simu yake na yako. Mimi ningeambiwa nikuchagulie kati ya hiyo picha na apu kumi za afya ya akili, ningekupa picha.

Mpe miezi kama mitatu kabla hujasema imeshindikana. Utaona wiki nzuri, halafu wiki moja kila kitu kinaporomoka, mara nyingi kwa jambo dogo tu, chaji ilipotea, ratiba ya nyumbani ilibadilika, mgeni alikuja akalala chumbani kwake. Rudini kwenye lile jambo moja la mwanzo, msianze kutafuta apu mpya.

Kama simu yenyewe anaiogopa au hataki kabisa, na wapo wasiotaka, usimlazimishe, irudishe dukani au itumie wewe. Saa ndogo ya mezani yenye alamu, kiboksi cha dawa, na karatasi kubwa kwenye mlango wa bafu yenye hatua nne tu vinafanya karibu kazi yote niliyoieleza hapa.